Kikundi cha watoto mtaani: je, semina kwa watoto yatosha kuwakinga na dhuluma za kingono?

Katibu_Likoni

Assalam alaikum, na salamu kwa nyote. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Likoni, Mombasa, ambacho huendesha masomo ya ziada siku za Jumamosi pamoja na timu mbili za kandanda za watoto wa shule ya msingi. Hatuna ofisi wala mfadhili. Darasa tunaliazima, kiwanja ni cha wote, na walimu wetu ni vijana waliomaliza kidato cha nne ambao hujitolea huku wakisubiri kazi au nafasi ya chuo.

Hivi karibuni baadhi ya wazazi walituuliza kikundi kina utaratibu gani wa kuwalinda watoto wasidhulumiwe kingono. Jibu tulilokuwa nalo ni kwamba tulimwalika dada mmoja mwenye ujuzi wa ustawi wa jamii, akawafundisha watoto kutambua mguso mbaya, kukataa, kukimbia na kumwambia mtu mzima wanayemwamini. Katika kamati wapo wazee wanaoona hilo latosha. Wapo wengine wanaoona hata hilo limezidi, kwa hoja kwamba mtoto anayezungumziwa habari za sehemu zake za siri amefunguliwa macho kabla ya wakati wake. Mimi binafsi nahisi kuna jambo linalokosekana, lakini sijui nilieleze vipi mbele ya kamati.

Naomba kuuliza: kikundi kidogo kama chetu chafaa kufanya nini zaidi ya kuwafundisha watoto, na hao wazee wanaopinga mafunzo niwajibu nini kwa heshima?

Mlezi_Tudor

Wa alaikum salaam, ndugu Katibu. Nimefanya kazi ya ulinzi wa watoto hapa Pwani, na swali lako ni lile ambalo mashirika makubwa kuliko kikundi chenu hayajiulizi mpaka jambo liwe limeshatokea.

Kinachokosekana ni upande wa watu wazima. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, David Finkelhor, alieleza kwamba dhuluma ya kingono haitokei mpaka mambo manne yatimie: mtu awe na msukumo wa kumwendea mtoto, aishinde dhamiri yake mwenyewe, avuke vizuizi vilivyomzunguka mtoto, kisha ashinde upinzani wa mtoto mwenyewe. Tazama semina yenu inagusa wapi. Inagusa hatua ya nne pekee, wakati yule mtu ameshapata faragha na mtoto. Hapo mtoto wa miaka minane anaachwa apambane peke yake na mtu mzima anayempenda, anayemheshimu, na ambaye pengine ndiye anayemlipia nauli ya kwenda mechi. Uwezo wa kikundi uko katika hatua ya tatu, na sehemu kubwa ya kazi ya hatua hiyo haihitaji fedha.

Sisemi kwamba kuwafundisha watoto ni kazi bure. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, uliokusanya majaribio 24 ya mafunzo ya aina hiyo shuleni, yakihusisha watoto zaidi ya 5,800. Watoto waliofundishwa walionekana kuwa na maarifa na mbinu za kujikinga kuliko wenzao, na haukupatikana ushahidi wa maana kwamba mafunzo yaliwatia hofu. Ambacho majaribio hayo hayakuweza kukithibitisha ni kama dhuluma yenyewe ilipungua. Kwa hiyo endeleeni kufundisha, ila msiwaambie wazazi kwamba mtoto akishafundishwa basi amekingwa.

Elimu tunayoipa jamii nayo imeegemea mno upande wa mgeni: mtu wa gari lenye vioo vyeusi, mtalii wa hotelini, mlevi wa uchochoroni. Watalii wenye nia hiyo wapo na Pwani yetu inalijua hilo kwa uchungu, lakini mara nyingi zaidi anayemdhulumu mtoto ni mtu anayemfahamu: jamaa, jirani, mwalimu, kocha, kijana mkubwa wa nyumba ya pili. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako tunaikumbuka upesi katika siasa na biashara. Tukifika kwenye habari za watoto tunaisahau. Wala msidhani kwamba ni jambo la wasichana tu. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walikuwa wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti uliporudiwa mwaka 2019, viwango vilikuwa takriban asilimia 16 kwa wanawake na asilimia 6 kwa wanaume. Kushuka huko kunatia moyo, ingawa kwa maoni yangu mvulana wa kwetu ana sababu nyingi zaidi za kunyamaza, kwa kuwa anaogopa jina atakalopachikwa mtaani.

Kuhusu mashirika, mfano uliochunguzwa kwa kina ni wa Australia. Kati ya mwaka 2013 na 2017, tume ya kifalme ya nchi hiyo ilichunguza namna makanisa, shule, makao ya watoto na vilabu vya michezo vilivyoshughulikia dhuluma za kingono. Watu zaidi ya 8,000 walisimulia yaliyowapata katika vikao vya faragha, na kwa wastani walikuwa wamekaa karibu miaka 24 kabla ya kumwambia mtu. Katika taasisi nyingi walikuwapo watu wazima walioona dalili au kuambiwa waziwazi, lakini wakaogopa kumsingizia mtu mwema, wakaona si kazi yao, au wakachagua kulinda jina la taasisi. Tume ilipendekeza viwango 10 vya shirika lililo salama kwa mtoto. Sitavitaja vyote, kwa kikundi chenu vizito ni hivi: viongozi wenyewe wabebe jukumu badala ya kumsukumia mtu mmoja, watoto na wazazi wazijue kanuni na wasikilizwe, watu wachujwe kabla ya kupewa watoto, malalamiko yawe na njia inayojulikana, na mahali penyewe, pamoja na simu, papangwe ili nafasi ya kudhuru iwe finyu.

Ningeanza na ukurasa mmoja wa kanuni, uandikwe kwa Kiswahili chepesi na ubandikwe ukutani. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, na mlango wa darasa uwe wazi muda wote. Ujumbe wa simu kwa mtoto upitie kundi ambalo wazazi wamo. Viatu vya mpira, nauli na zawadi nyingine vitolewe na kikundi mbele ya wazazi, visitoke mfukoni mwa kocha kwenda kwa mtoto anayempenda, kwa sababu zawadi ya siri ndiyo njia ya kawaida ya kumzoesha mtoto kutunza siri. Watoto wakibadilisha nguo, mtu mzima asiwe ndani. Safari ya kulala nje iwe na watu wazima wawili wasio wa nyumba moja.

Kanuni kama hizi zinawekwa wakati hakuna jina la mtu mezani, na hapo ndipo penye nguvu yake. Kocha akionekana amebaki na mtoto nyuma ya jengo, mwenzake hana haja ya kumtuhumu kwa lolote. Anamkumbusha kanuni tu. Akirudia, kamati inalo jambo la kumwitia, hata kabla hakuna mtoto aliyesema neno.

Kocha_Mtongwe

Nashukuru kwa maelezo, lakini naomba kupinga kidogo. Mimi hufundisha watoto mpira bila malipo, na nikisoma orodha hiyo najiona nimeshatiwa katika kundi la washukiwa. Mtoto akianguka akachubuka goti, nisimshike? Mtoto asiye na baba nyumbani akija kunieleza shida zake, nimwambie asubiri nimwite shahidi? Vijana wa kujitolea ni wachache. Mkiwadai vyeti na kuwawekea masharti kila wiki wataondoka, na watoto watarudi maskani, yaani vijiweni, ambako hakuna kanuni yoyote.

Mlezi_Tudor

Kocha, hoja yako ya maskani ni ya kweli na sitaki kuipuuza. Timu ya mpira inayowaweka watoto chini ya macho ya watu wazima jioni nzima ni kinga yenyewe. Ndiyo maana kanuni ziwe chache na zitekelezeke. Goti litibiwe palepale kiwanjani mbele ya wenzake. Mtoto mwenye shida aketi nawe pembeni ya uwanja, mahali ambapo wengine wanawaona bila kuwasikia. Atasema yote aliyotaka kusema. Ukaribu wako naye haukatazwi, kinachokatazwa ni kufichama. Kuhusu kupoteza watu, wapo watakaoudhika na wataelewa wakielezwa. Mtu anayekataa katakata kufanya kazi mahali anapoonekana, mimi singemlilia.

Maalim_MjiWaKale

Naomba nijibu la wazee, kwa sababu nimelisikia mara nyingi katika baraza zetu. Ndugu Katibu, usibishane nao kwa lugha ya semina. Wakumbushe yale wanayoyajua. Katika Surat An-Nur, aya ya 58, tumeamrishwa kwamba hata watoto ambao hawajabaleghe wabishe hodi katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Mtoto hawezi kufundishwa adabu hiyo bila kuelezwa kwamba mwili una sitara na kwamba kuna nyakati na mahali ambapo mtu haingiliwi. Tumefundishwa pia kuwatenganisha watoto katika malazi wafikapo miaka kumi. Tunawafundisha udhu, twahara na mipaka ya uchi tangu wadogo, wala hatujawahi kusema kwamba mafunzo hayo yamewafungua macho. Kinachoongezwa sasa ni sehemu ndogo tu: kwamba mipaka hiyo inamhusu pia mtu mzima mbele ya mtoto, na kwamba mtoto ana ruhusa ya kusema pale inapovukwa, hata kama aliyeivuka ni maalim wake.

Hapo pa mwisho ndipo penye ugumu, na sisi walimu wa vyuo vya Qurani tukubali kulizungumza. Tumewalea watoto waamini kwamba kumkatalia mwalimu ni utovu wa adabu. Mtoto huyohuyo hawezi kugeuka siku moja akamkatalia mtu yuleyule kwa sababu aliambiwa hivyo Jumamosi moja. Katika chuo chetu tumeondoa desturi ya mwanafunzi mmoja kubaki kumfanyia maalim kazi za nyumbani baada ya wenzake kuondoka, na wanaochelewa kuchukuliwa hukaa barazani, upande wa njia. Mwanzoni baadhi ya wenzangu walinuna, na sasa ni mazoea.

Jambo jingine: wazazi wawape watoto majina ya viungo vyao yanayoeleweka na kila mtu, hata kama wataona haya. Mtoto aliyezoezwa neno la mafumbo la nyumbani kwao anaweza kumweleza mwalimu jambo zito na mwalimu asielewe ameambiwa nini.

Bi_Sheria_Mvita

Ndugu Katibu, naongeza upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu katika mikutano ya mitaani nimeona watu wakiuchanganya.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, kifungu cha 8, inaadhibu kumnajisi mtoto kwa kufuata umri wake: kifungo cha maisha kwa mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo, kifungo kisichopungua miaka 20 kwa wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 kwa wa miaka 16 hadi 18. Kifungu cha 24 kinamlenga mahususi mtu anayetumia vibaya mamlaka au nafasi yake ya kuaminiwa, wakiwemo walimu na wafanyakazi wa shule. Watu wengi huamini kwamba bila shahidi wa pili kesi haiwezekani. Katika makosa haya, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa aliyedhulumiwa peke yake, mradi mahakama imeridhika kwamba anasema kweli na imeandika sababu zake. Mtoto anaweza pia kuruhusiwa kutoa ushahidi akiwa amekingwa asimwone mshtakiwa.

Sasa habari ya maslaha. Familia mbili kuketi na wazee, fidia ikatolewa na jambo likafunikwa, hakufuti kosa. Kesi ikishafunguliwa, uamuzi wa kuisitisha hauko mikononi mwa wazazi wala wazee wa mtaa. Na tuseme kweli: katika maslaha mtoto hupata hasara mara mbili, maana fedha huenda kwa wakubwa na yeye huendelea kupishana na mtu yule njiani. Kanuni za kikundi chenu ziseme waziwazi kwamba kamati haina mamlaka ya kusuluhisha wala kuchunguza jambo la aina hii. Kazi yake ni kulipeleka: polisi, kwenye dawati la jinsia, au kwa afisa wa watoto. Namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku.

Kwa muda wa kuripoti, tazameni waraka wa Tume ya Kuajiri Walimu wa mwaka 2010, ambao unamtaka mwalimu aliyepata habari za mwanafunzi kudhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24, na asiyeripoti huchukuliwa hatua za nidhamu. Waraka huo unawabana walimu wa tume na hauwafungi nyinyi, lakini hakuna kinachowazuia kuandika saa 24 zilezile katika kanuni zenu.

Cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai kinafaa kudaiwa kwa kila anayeshika watoto, ila kisiwalaze usingizi. Ambaye hajawahi kufikishwa mahakamani atakuwa na cheti safi. Pigeni simu pia mahali alipofundisha kabla yenu na muulize swali moja bila kuzunguka: je, mngempokea tena afanye kazi na watoto? Jibu la kusitasita lina maana yake.

Muuguzi_Makadara

Machache kutoka upande wa hospitali, kwa sababu saa za mwanzo ndizo zinazoharibiwa kwa nia njema. Mtoto akisema amedhulumiwa, asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe katika mfuko wa karatasi, maana plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Aletwe hospitali mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi huanzishwa ndani ya saa 72 na kila saa inayopotea inapunguza nguvu zake. Si lazima kuanzia polisi ili mtoto atibiwe. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, inaweza kufuata. Hospitali yetu kuu ya rufaa ya Pwani ina kituo maalumu cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia.

Msimhoji. Mtoto aliyehojiwa na mama, kisha shangazi, kisha mwenyekiti, kisha mzee wa mtaa, anafika kwetu amechoka na maelezo yake yameshaanza kufuata maswali aliyoulizwa. Mwambieni kwamba mmemwamini, kwamba hakukosa, na kwamba mtatafuta msaada. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na saa na tarehe, basi.

Ningependa pia wazazi wafahamu kwamba watoto wengi hawasemi kwa mdomo. Mtoto aliyependa mazoezi akianza kuyakwepa bila sababu, akirudia kukojoa kitandani, au akiwa na vitu vipya asivyotaka kueleza vimetoka wapi, aulizwe kwa upole. Dalili hizi zinaweza kuwa na sababu nyingine kabisa, lakini fimbo haitaifichua hata moja.

Katibu_Likoni

Nawashukuru nyote, na Maalim hasa, kwani aya hiyo nitaitanguliza mbele ya wazee kabla sijasema neno jingine. Nimeanza kuandika ukurasa wa kanuni, na tumekubaliana na mwenyekiti kwamba utasomwa mbele ya wazazi, kisha watoto wenyewe wataulizwa ni mahali gani kiwanjani na njiani ambapo hawajisikii salama.

Yamebaki mawili. La kwanza, malalamiko yakimhusu mwenyekiti au mimi katibu, mtoto au mzazi aende kwa nani? La pili, watoto wetu kadhaa huletwa na kurudishwa na tuktuk moja ambayo wazazi huilipa kwa mwezi. Dereva si mtu wetu. Je, hilo latuhusu?

Mlezi_Tudor

La kwanza: teueni wapokeaji wawili, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, na angalau mmoja wao asiwe mjumbe wa kamati wala jamaa wa viongozi, mwalimu wa shule ya jirani au mama anayeheshimika mtaani anafaa, mradi ameelezwa kazi yake. Majina yao, namba zao na 116 viandikwe chini ya ule ukurasa wa kanuni. Anayelalamikiwa akae kando na watoto mpaka vyombo vya sheria vimalize, na barua ya kumweka kando iseme kwamba huo ni utaratibu, haujawa hukumu.

La pili: lawahusu, kwa sababu mtoto huhesabiwa yuko kwenu tangu anapotoka kwao mpaka anaporudi. Dereva hamkumwajiri, lakini mnaweza kuwakalisha wazazi pamoja naye wakakubaliana mambo machache: mtoto wa mwisho kushushwa asiwe yuleyule kila siku na asikae mbele na dereva, njia ijulikane na isibadilishwe bila mzazi kupigiwa simu, mtu mwingine asiendeshe kwa niaba yake bila taarifa, na nambari ya usajili ya tuktuk pamoja na nakala ya kitambulisho chake viwe na katibu. Mkiweza, watoto wa mwisho wawili wawe wa nyumba zinazokaribiana, washuke pamoja.